Nilidai mshahara wa miezi saba: uzoefu wangu na wakili wa Moshi aliyekuwa baharia

Naandika kwa ajili ya vijana wa Moshi na Arusha wanaofanya kazi melini. Najua wengi mnarudi nyumbani mkidai, mnaishia kusema Mungu atalipa.

Mimi ni mpishi wa meli. Mkataba wangu wa mwisho ulikuwa kwenye meli ya shehena yenye bendera ya Panama, na mwenye meli sikuwahi kumjua hata kwa sura. Miezi saba ya mwisho hatukulipwa. Nilirudi kwa nauli aliyonitumia kaka yangu, na wakala aliyenipeleka akaacha kupokea simu. Wakili wa kwanza niliyemwendea, mzoefu wa kesi za viwanja, aliusoma mkataba akaniuliza nitamshtaki nani, na wapi. Sikuwa na jibu, wala yeye hakuwa nalo.

Wa pili ndiye huyu. Ofisi yake iko ghorofani, mwendo mfupi kutoka mnara wa saa. Alikaa baharini miaka mingi hadi akafika chifu ofisa, yaani wa pili kwa nahodha, ndipo akarudi darasani kusomea sheria. Sasa anashika kesi za mabaharia na mambo ya uhamiaji.

Nilimpa shikamoo, akanikaribisha kiti. Swali lake la kwanza halikuhusu pesa. "Mdogo wangu, unga ulikuwa unaanza kuukanda saa ngapi?" Saa kumi alfajiri, nikamwambia. "Na vyombo vya usiku?" Saa tatu, siku nyingine saa nne. Akauliza kama nilikuwa nasaini karatasi ya saa za mapumziko. Nilisaini kila mwezi, kama nilivyoambiwa. Ndipo akanieleza kwamba mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unataka baharia apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 kwa siku saba. Nilijisikia nimefika kwa mtu anayeijua kazi yangu.

Kisha akaomba kuona picha zote nilizopiga melini. Alizipitia moja moja bila haraka, akasimama kwenye ya Krismasi: mimi nimeshika sinia la kuku kwenye chumba cha kulia, nyuma yangu ukutani kuna karatasi ndani ya fremu. Karatasi ile nilipita mbele yake kila siku nikipeleka chakula, sikuwahi kuisoma. Akaikuza. Kilikuwa cheti cha bima. Tangu Januari 2017, meli zilizo chini ya mkataba ule zinatakiwa kukibandika mahali ambapo mabaharia wanakiona, na bima hiyo humlipa baharia aliyetelekezwa mshahara wa hadi miezi minne, pamoja na gharama za kumrudisha kwao. Mwenye meli akikaa miezi miwili au zaidi bila kulipa, anaweza kuhesabiwa amekutelekeza. Kwenye picha jina la bima lilisomeka, na namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho wa meli, tarakimu saba. Meli yenyewe ilikuwa imeshapewa jina jipya, lakini namba hiyo haibadiliki hata meli ikiuzwa au ikibadili bendera.

Niliposhuka ngazi nilimpigia mke wangu, nikashindwa kuongea.

Bima walilipa ile miezi minne na nauli ya kaka, baada ya barua za karibu nusu mwaka. Mitatu bado naidai. Hapa ndipo nilipozidi kumheshimu, kwa sababu hakunipa matumaini ya bure. Alisema deni la mshahara wa baharia linaifuata meli hata ikipata mwenye mpya, na inaweza kukamatwa bandarini. Ila haki hiyo ina muda wake, na meli ikiingia Mombasa atahitajika wakili wa huko huko. Ameshaniunganisha naye.

Malipo: ushauri wa kwanza shilingi 50,000, nikapewa risiti, na ada iliyobaki tuliandikiana. Ubaya wake ni simu. Hapokei mchana, na siku mbili nilikaa kwenye benchi lake zaidi ya saa mbili wakati nina miadi. Hilo alirekebishe, wengine tunatoka mbali.

Mke wangu ni wa Taveta, ng'ambo ya Holili, na nilitaka achukue uraia wa huku haraka. Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba, lakini mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili. Wakili alimuuliza yeye mwenyewe, si mimi, kama yuko tayari kuuacha wa Kenya. Hakuwa tayari. Tumeanza na pasi ya mtegemezi.

Sasa nimepata mkataba mpya, nikampelekea ausome kabla sijasaini. Amezungushia kalamu nyekundu pesa ambayo wakala ananidai ili anipe kazi. Baharia hatakiwi kutozwa hiyo. Ameniita Alhamisi.