Fundi wa gari la umeme anayekufuata shambani: uzoefu wangu, barabara ya Kasenga

Kwa mwenye gari la umeme anayeishi nje ya Lubumbashi, swali zito si kilomita ngapi gari linakwenda, bali nani atalishika siku litakapogoma. Garaji nyingi za mjini zinazijua dizeli na petroli vizuri sana, lakini ukiwapelekea gari lisilo na injini wanafungua boneti, wanatazamana, kisha wanakurudishia funguo. Kwa sababu hiyo natumia huduma ya mafundi wawili wenye makao yao mjini, ambao hupakia vifaa katika pikapu na kumfuata mteja aliko, iwe ni Kipushi, Likasi, au kwangu kwenye shamba la kuku upande wa Kasenga, ambako umeme wa gridi haujafika na gari huchajiwa kwa paneli za jua.

Gari langu ni Nissan Leaf ya kizazi cha kwanza, kile kilichoanza kuuzwa mwaka 2010, chenye betri ya kilowati-saa 24 ilipokuwa mpya. Lilitoka Japani likiwa limetumika, na redio yake bado inanisemesha Kijapani.

Ninachokithamini zaidi katika huduma hii ni kwamba mafundi hawatoki mjini kabla ya kujua wanafuata nini. Mteja hununua kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, anaweka katika simu programu ya LeafSpy, inayosoma hali ya betri, na gari likisumbua anawatumia picha za vipimo kwa WhatsApp. Kwetu mtandao hupatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya banda la kuku, kwa hiyo mazungumzo yetu mengi ya kitaalamu yamefanyika nikiwa nimesimama huko juu.

Asubuhi moja gari lilikataa kabisa kuwaka, ingawa jioni iliyotangulia lilikuwa limejaa chaji. Wengi hawajui kwamba gari la aina hii lina betri mbili: ile kubwa inayoendesha magurudumu, na ndogo ya volti 12 inayowasha kompyuta pamoja na swichi zinazoiunganisha betri kubwa na gari. Ndogo ikichoka, kubwa haina njia ya kutoa umeme wake hata ikiwa imejaa. Fundi aliniomba niipime ile ndogo. Ilisoma volti 10 na kidogo, wakati betri nzima iliyopumzika husoma karibu 12.6. Akanielekeza niunganishe nyaya kutoka betri ya gari la jirani, gari likawaka, nikaenda mjini kununua nyingine. Hakunitoza nauli, wala hakujaribu kuniuzia betri yake. Sijui garaji nyingine ambayo ingeiacha safari ya kulipwa ikapita hivyo.

Mara nyingine walilazimika kuja. Panya, ambao hawakosekani penye chakula cha kuku, walikuwa wametafuna ganda la waya wa rangi ya chungwa chini ya boneti, na rangi hiyo ndiyo alama ya umeme mkubwa, unaokaribia volti 400 betri ikiwa imejaa. Fundi alizikunja glavu zake za mpira kuanzia mkononi hadi vidole vikajaa hewa, akazisogeza sikioni kusikiliza kama zinavuja, ndipo akazivaa. Alichomoa kizibo cha usalama, kinachokata umeme mkubwa, kilichopo sakafuni mbele ya kiti cha nyuma, akakitia katika mfuko wake wa suruali ili mtu asije akakirudisha, akasubiri dakika 10, akapima, kisha ndipo akagusa. Kijana wangu wa shambani alipomletea utepe mweusi, alimjibu bila kugeuka: «Waya huu haufungwi, mdogo wangu. Unabadilishwa.» Na kweli waliubadilisha, kwa waya waliokuwa wameutoa katika gari lililopata ajali.

Siku hiyohiyo waligundua kwamba kati ya jozi 96 za seli, yaani vipande vinavyounda betri kubwa, moja ilikuwa inashuka volti kuliko wenzake kila gari linapopanda kilima. Hiyo hawakukubali kuitengeneza shambani, nami naona walikuwa na haki: betri nzima ina uzito wa karibu kilo 300, na kuifungua penye vumbi na manyoya ya kuku ni hatari. Gari lilibebwa juu ya lori, kwa kuwa halifai kuvutwa huku magurudumu ya mbele yakizunguka.

Kasoro zipo. Nauli huhesabiwa kwa dola, kwenda na kurudi, na hulipwa kabla. Ile ya siku ya panya ilipita bei ya waya wenyewe. Wakati wa mvua hukataa njia zenye matope mengi bila kusema watakuja lini. Kubwa zaidi ni dhamana: seli walizoniwekea badala ya zile mbovu zilikuwa zimetumika, na ahadi ya kuzibadilisha zikifa ilitolewa kwa mdomo tu. Kwa ushauri wa simu na kazi za nyaya ningewapendekeza kwa yeyote mwenye gari kama langu. Kwa kazi ya seli, mteja adai karatasi yenye vipimo vya kila jozi, kabla na baada, ikiwa na sahihi na muda wa dhamana, kabla hajatoa fedha ya mwisho.