Kopo la rangi, bao la cheri na kijana wa kaunta

Bei na ujazo wa kopo hili la rangi ya mbao ninalolipa nyota mtajionea wenyewe. Mimi nina neno na yule kijana wa kaunta.

Naishi Pennsylvania, Marekani, kwenye miti ya cheri yenyewe hasa. Kama sikosei mwaka juzi, baridi ikikaribia, nilipata ubao mmoja mnene, hauna fundo, nikaamua kumchongea ami yangu bao la kete, letu lile la mashimo 32 na nyumba zake za mraba. Jioni zangu zote ziliishia kwenye bobari, ile patasi ya kuchimbia mashimo, na msasa. Sasa cheri ikiwa mpya imepauka, ina uwaridi kidogo tu. Ami alikuwa njiani kuja, nami nilitaka wekundu wa samani za zamani upesi. Nikaenda duka la rangi.

Nikamuuliza yule kijana: cheri inatangulizwa dawa yoyote kabla ya rangi? Nilimuuliza mara mbili. Akajibu macho yakiwa kwenye simu: paka tu, cheri inakubali kila kitu.

Si kweli! Cheri hainywi rangi sawasawa. Hapa inafyonza, pale inagoma. Ukichimba shimo ndiyo balaa zaidi, maana upande mmoja nyuzi zimelala na upande mwingine umezikata vichwa, na huko vichwani rangi inazama kama maji kwenye mchanga. Nilipofuta kwa kitambaa mara ya kwanza, kila shimo lilikuwa na mabaka meusi kama ngozi yenye ukurutu. Mashimo yote. Nilikaa chini sakafuni.

Nikalibeba bao hadi dukani. Sikufuata kurudishiwa pesa, nilitaka mtu wa kuniambia nifanyeje. Kijana akaligeuza, akacheka, akaniuliza: hii ni trei ya mayai? Kisha akasema sikupiga msasa vizuri. Trei ya mayai! Kitu ambacho wazee wa kwetu wanakizunguka barazani kutwa nzima, mtu akicheza vibaya anaondoka kwa aibu. Nilitoka bila kuaga, na sikulelewa hivyo.

Nyota moja.

Ila niseme haki. Rangi hiyohiyo nimeijaribu kwenye kipande cha mwaloni, imetoka safi. Na nyuma ya kopo, kwa herufi za kusomwa kwa miwani, wameandika kwamba msonobari na cheri zitangulizwe dawa ya kupunguza kiu ya mbao. Kopo halikunidanganya. Basi nyota tatu.

Nilikwangua wiki nzima na zaidi, msasa namba 120 kisha 220, nimeuzungushia mpira mdogo ili uingie mashimoni. Safari hii sikupaka rangi kabisa. Mafuta ya kitani, yakakauka vizuri, juu yake shelaki nyepesi, aina ya vanishi, nikaliweka bao dirishani. (Vitambaa vya mafuta hayo msivirundike, vitandazeni nje vikauke. Vinaweza kuwaka moto vyenyewe.) Cheri hujikoleza kwa mwanga! Baada ya wiki chache wekundu ukaanza kupanda wenyewe. Kulikuwa na kete nimezisahau kwenye shimo moja, nilipoziokota nikakuta chini yake alama zilizopauka, mahali ambapo jua halikufika.

Yaani neno moja tu, "liache juani," lingeniokolea kazi yote ile. Na mtu analipwa kusimama pale kwa ajili ya neno hilo! Hapana, nyota mbili nazirudisha, ibaki ile moja, na hiyo ni ya kopo. Duka sina cha kulipa.

Ami alipofika alipitisha kidole ndani ya nyumba, taratibu, akauliza, "Umepaka rangi gani hii, mwanangu?" Nikamwambia sikupaka. Hakuamini.

Mashimo mawili ya safu ya nyuma bado yana mabaka chini kabisa, msasa haukufika. Kila kete zangu zikiishia humo namkumbuka yule kijana.