Besi Ikipotea Anza na Pedi: Hedifoni za Kuziba za Kutumia na DAC ya Simu

Kila baridi ikianza kukaza, kuanzia Uyole hadi Makambako na Mafinga, malalamiko ni yale yale. Mtu kanunua hedifoni za kuziba, kaongeza DAC ndogo (kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa umeme wa kuendesha hedifoni) ya kuchomeka kwenye Type-C ya simu, na besi haisikiki. Anaambiwa DAC yake ni dhaifu, aongeze hela achukue yenye nguvu. Anaongeza, na besi bado haipo.

Tatizo mara nyingi liko kwenye pedi, ule mto unaozunguka sikio. Hedifoni za kuziba hutegemea hewa iliyofungiwa kati ya spika na sikio ili besi isimame. Hewa ikipata upenyo, sauti nzito ndiyo ya kwanza kutoroka. Zile za juu hubaki, ndiyo maana muziki unasikika mkali na mwembamba. Upenyo wenyewe hauhitaji kuwa mkubwa. Mkono wa miwani unatosha, rasta nene zinatosha, ushungi unatosha. Mzula wa sufu ulioshushwa hadi masikioni ni mbaya kuliko vyote, maana unainua pedi pande zote. Upandishe mzula juu ya masikio, uache pedi iguse ngozi.

Kabla hujalipa, pima hivi. Weka kwenye simu programu ya kutoa toni, chagua hezi 50, sauti ya wastani. Vaa hedifoni jinsi utakavyozivaa nyumbani, na miwani yako na nywele zako zilivyo. Sikiliza sekunde kumi, kisha bonyeza vikombe vyote viwili vya masikioni taratibu kwa viganja. Mvumo ukibaki karibu ulivyokuwa, pedi inaziba. Ukipanda ghafla kana kwamba sabufa imewashwa, pedi inavuja kwenye kichwa chako, hata kama kwa mwenzako inaziba vizuri. Rudia kikombe kimoja kimoja, kwa sababu pande mbili za kichwa hazilingani. Muuzaji akikataa kufungua boksi, toka.

Kuhusu nguvu, hesabu ni fupi. Angalia volti za DAC yako: adapta ya Apple ya Type-C hutoa volti 1, na DAC nyingi za bei ya kati hutoa 2. Kwenye simu nyingi za Android ile ya Apple hutoa sauti pungufu ya uwezo wake, hivyo mwenye Android atafute ya volti 2. Volti nitakazotaja hapa chini ni za kufikisha vilele vya desibeli 110, yaani sauti ya juu kabisa ya mara moja moja, na hivyo ni vilele tu. Sauti ya kusikiliza muda wote iwe chini sana ya hapo.

Kwenye orodha yangu ya hedifoni, namba moja ni Beyerdynamic DT 770 Pro, na upendeleo wangu siufichi. Pedi zake ni pana, sikio lote linaingia ndani bila kukandamizwa, na vipuri vyake vinauzwa kimoja kimoja: pedi, sponji ya ndani, mto wa kichwani. Huuzwa kwa omu tofauti, yaani ukinzani wa umeme, na ya omu 80 huja na pedi za velveti. Velveti hupitisha hewa zaidi kidogo kuliko ngozi bandia, lakini haibabuki, na spika imepangwa kwa pedi hiyo hiyo. Inataka volti 1.4 hivi, kwa hiyo DAC ya volti 2 inaitosha. Mwenye adapta ya volti 1 achukue ya omu 32, inayoridhika na 0.9. Ya omu 250 iacheni. Inataka kama volti 2.5, na maneno ya kwamba "250 ndiyo ya studio zaidi" ni ya kumalizia mzigo dukani. Omu zinaeleza mzigo wa umeme ambao hedifoni inaupa DAC, ubora hauonekani hapo.

Kasoro yake ni waya usiochomoka. Ule wa omu 80 una mita 3, na ukining'inia unavuta DAC hadi tundu la simu linalegea. Kunja mita mbili, funga kwa utepe wa kunata, na simu ikae mezani. Wa omu 32 una mita 1.6, hausumbui sana.

Kubadilisha pedi zake hakuhitaji bisibisi. Shika mdomo wa nyuma wa pedi, uvute utoke kwenye mfereji wa kikombe, zungusha kidole mpaka itoke yote. Pedi mpya ianzie upande mmoja: ingiza mdomo kwenye mfereji, ukandamize hapo kwa dole gumba, kisha uvute mpira kidogo kidogo kuzunguka. Mdomo ukibaki nje hata sentimita moja, umejitengenezea upenyo, na utarudi kuilaumu DAC.

Namba mbili ni Audio-Technica ATH-M50x. Omu 38, volti 0.7, na boksini kuna waya tatu zinazochomoka, mmoja wa mita 1.2 unaofaa simu. Kichwa cha waya kwenye kikombe hufungwa kwa kuzungusha. Kisipofunga, shuku kwamba ni ya kughushi. Tundu la pedi ni dogo, sikio kubwa hulikalia, na ngozi yake bandia hubabuka.

Sony MDR-7506, iliyo sokoni tangu 1991, ndiyo rahisi kuliko zote kuiendesha: volti 0.4. Pedi zake ni nyembamba, hivyo mwenye miwani apime mara mbili. Sennheiser HD 280 Pro inaziba kwa sababu inabana, na baada ya saa moja mikono ya miwani inakuuma.

Za bei ya chini nyingi hazitaji omu wala hazina pedi za kubadilisha. Zikipita mtihani wa hezi 50, chukua.

Linaloumiza ni maduka. Unauziwa hedifoni za bei ya kukata roho, ukiuliza pedi unaambiwa "agiza Dar", na nauli ya parseli ya basi ni juu yako. Huo ni sawa na kuuza pikipiki mahali pasipo na tairi. Baya zaidi ni mzigo uliolala. Ngozi bandia huvunjwa na unyevu, jasho na mafuta ya nywele, na unyevu unaifuata hata ndani ya boksi. Kwa mtu wa Tukuyu, mvua zilivyo kule, boksi lililokaa stoo miaka mitatu linaweza kuwa na pedi zilizokwishaanza kufa, na bado bei ni ya kitu kipya. Stika ya "original" imebandikwa kubwa, tarehe ya mzigo kuingia hakuna anayeitaja.

Kwa hiyo ukishafungua boksi, sugua pedi kwa dole gumba kwa nguvu kidogo, hasa kwenye mshono wa ndani unaogusana na sikio. Ikinata, au kidole kikitoka na vijipande vyeusi, dai pedi mpya au bei ishuke kwa kiasi cha pedi pamoja na nauli yake, papo hapo, kabla risiti haijaandikwa.