Google Forms kwenye websaiti ya gesti yetu, miezi minane sasa

Nna gesti ya vyumba sita huku Jambiani, Unguja, na miezi minane nyuma niliweka Google Forms, fomu za maswali za mtandaoni za Google, kwenye websaiti yetu ili wageni waseme yao. Majirani wa ufukweni wananiuliza kila siku inafaa ama haifai, basi naandika hapa mara moja nipumue.

Mwanzo nilikuwa na programu nyengine ya kulipia, sitoitaja, fundi wa websaiti kaniambia ndo ya mahoteli makubwa. Dola zinakatwa kila mwezi, na mtu hajasoma hata bei ya chumba kidirisha keshamrukia usoni "tupe maoni yako". Maoni ya nini na mtu hajalala hata usiku mmoja? Miezi mitatu nikapata majibu manne, mawili ya shemeji yangu anajaribu.

Google Forms ni bure. Unaandika maswali, inakupa kodi (si ya kulipa, ni yale maandishi ya kompyuta) unaibandika kwenye ukurasa wako, kwisha, majibu yanaingia kwenye jedwali na tarehe na saa vinajiandika vyenyewe. Ila email za kukwambia kuna jibu jipya hazijiwashi, lazima uingie sehemu ya majibu uziwashe mwenyewe. Mie sikujua, nikakaa wiki tatu nikidhani watu hawajazi, kumbe kuna mgeni kaandika pampu ya maji inawashwa saa kumi alfajiri nyuma ya kichwa chake na yeye keshapanda ndege karudi kwao. Nliona haya wallahi.

Halafu nikajitia ujuzi, nikaweka kila mtu ajaze mara moja tu. Kumbe ukiweka hivo mtu lazima aingie na akaunti yake ya Google kwanza, sasa nani atahangaika na paswadi kwa ajili ya kusema chai ilipoa? Nikaitoa. Kupandisha picha nako hivohivo, kunataka akaunti.

Maswali nilianza na kumi na nane, ujinga mtupu. Yale ya kutoa alama moja mpaka tano nimefuta yote, kila mtu anaweka nne na nne haikwambii taa gani imekufa. Yamebaki matatu: kipi kilikukera, kipi tusikibadilishe, na namba ya WhatsApp kama unataka tukujibu. Kiungo nimekichapisha kile cha kuskani, nimekibandika karibu na swichi ya feni, maana mtu akishaondoka harudi tena kwenye websaiti yako, anarudi afanye nini.

Sasa watu wetu wenyewe, wa mjini, wa Pemba, wa Dar. Hawa hawajazi! Ukiwauliza uso kwa uso utaambiwa alhamdulillahi dada kila kitu kizuri, akifika kwake ndo shoga yake anahadithiwa mchuzi wa pweza ulikuwa chumvi tupu. Fomu ya Kiswahili niliweka mapema, lakini nilikuwa nimeandika "kiwango cha kuridhika na huduma", utafikiri mtihani wa skuli. Nikabadilisha: "Kipi hakikukupendeza? Sema tu, usione haya." Chini yake nikaweka kitufe cha WhatsApp kwa sababu fomu yenyewe haina pa kurekodia sauti. Bibi mmoja wa Wete akanitumia sauti ya dakika nne, taa ya msalani, mto mgumu, na mwanangu anavyopokea simu kama anagombana. Yote kweli.

Fundi alinishauri tena eti wenye kusifu tuwapeleke Google Maps wakaandike hadharani, wenye malalamiko tuwabakishe kwenye fomu. Nimekataa. Google wenyewe wamekataza kuwaomba wanaosifu peke yao, na mgeni mwenye hasira ataifika hiyo Maps bila ya kuonyeshwa njia.

Google Forms naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sura tu, ndani ya websaiti inaonekana kama nguo ya kuazima, na kwenye simu ilikatika pembeni mpaka tukabadilisha upana kwenye ile kodi.

Pampu siku hizi inawashwa saa mbili asubuhi. Yule mgeni nimemwandikia kumwambia, hajajibu bado.