Droni ya kununua Lubumbashi kama unataka video inayogeuka kwa ulaini

Tangu msimu wa ndoa uanze, ujumbe ninaoupata zaidi ni huu: "Yaya, droni ni mpya, bei iliniumiza, lakini nikiizungusha tu picha inarukaruka. Shida ni nini?" Wanaouliza ni wapiga picha wa harusi wa mitaa yetu ya Kenya na Katuba, na vijana wanaotengeneza matangazo ya viwanja vya Annexe. Dukani wote waliuliza maswali yaleyale: ni 4K? Inafika umbali gani? Hakuna aliyeuliza inageukaje. Mimi leo sitaongelea umbali wala 4K, kwa sababu droni zote za maana zinavyo. Nitaongelea kugeuka, na zaidi ya kugeuka, kusimama.

Kamera ya droni hizi ndogo haigeuki kushoto na kulia yenyewe. Gimbali, yaani kishikio chenye mota kinachobeba kamera, inaiinua, inaiinamisha na kufuta mtikisiko, basi. Ukitaka kuzungusha picha, mwili wote wa droni ndio unaogeuka hewani, propela mbili zikiongeza kasi na mbili zikipunguza. Kwa hiyo video yako iko mikononi mwa programu inayoamua droni ianze kugeuka vipi na isimame vipi. Droni mbaya, ukiachia kijiti, inasimama ghafla halafu picha inarudi nyuma kidogo. Ni nusu sekunde tu, lakini kama ni bibi harusi anayetoka kanisani Saints-Pierre-et-Paul, nusu sekunde hiyo ndiyo familia nzima itakayoiona, na hakuna programu ya kuhariri itakayoiondoa vizuri.

Ukitaka kujua droni yako ikoje, kwa mbali kabisa elekeza kamera upande wa cheminée ya Gécamines, lile bomba refu la moshi la kampuni ya migodi, kisha zungusha polepole mpaka ipite kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Ule mstari mrefu uliosimama wima hauna huruma. Terril iliyo pembeni, kile kilima cha mabaki ya madini, itakudanganya, kwa kuwa mteremko wake unaficha kasoro, lakini cheminée itaonekana ikipiga hatua-hatua, au ikiwa na kivuli chake pembeni. Kipimo cha wapiga sinema ni cha zamani na bado kinafanya kazi: kitu kichukue kama sekunde 7 kuvuka picha nzima. Kwa lenzi pana ya milimita 24, ambayo inaona digrii 70 na kitu kwa upana, hiyo ni kasi ya digrii 10 kwa sekunde, yaani duara zima kwa sekunde 36. Wengi wanazungusha duara hilo kwa sekunde 8 halafu wanalaumu kamera.

Kuna na habari ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, ambayo wauzaji hawaitaji kabisa. Umeme wetu ni wa herzi 50, kwa hiyo mimi napiga fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ya sekunde, ili hata taa za ukumbi zisipepese. Sasa toka nje saa sita mchana, mwezi wa saba, mbingu haina wingu hata moja. Lenzi yenye tundu la f/1.7 (namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi) lisilofungika, kwenye ISO 100, yaani kamera ikiwa na usikivu mdogo wa mwanga, itaipeleka shata karibu na 1/8000. Kila fremu inatoka kali kama wembe, haina ukungu wa mwendo, na jicho linahesabu fremu moja moja. Dawa yake ni filta za ND, ile miwani ya giza inayovishwa lenzi. Kwa f/1.7 mchana wa kiangazi ni ND256. Jua likishuka, ND64 inatosha. Droni isiyo na filta zake inayopatikana mjini usiinunue, hata ikisifiwa namna gani.

Sasa mpangilio wangu. Napendelea droni za kampuni ya DJI na sifichi, kwa sababu kwenye programu ya DJI Fly unaweza kupunguza kasi ya juu ya kugeuka na kuongeza ulaini wake, na kuna hali ya Cine inayofanya droni iache mwendo taratibu badala ya kukata ghafla.

Namba moja ni DJI Mini 4 Pro. Ilitoka Septemba 2023, ina uzito wa chini ya gramu 249, na bei yake ya kutangazwa Marekani ilikuwa dola 759. Ninachokipenda zaidi kwake ni kitu kinachoitwa Cruise Control: unasukuma kijiti mpaka kasi unayoitaka, unabonyeza, na droni inashikilia mwendo huohuo, kugeuka kukiwemo. Kidole gumba cha binadamu hakiwezi kushikilia digrii 10 kwa sekunde bila kutetemeka, hii inaweza. Ina pia Waypoint, unaiwekea pointi angani nayo inapita hapo kwa mkunjo laini, tena na tena, asubuhi na jioni ukitaka. Kamera yake inasimama wima kweli kwa ajili ya status na TikTok, haikati picha pembeni. DJI wenyewe wanatoa pakiti ya filta zake za ND16, 64 na 256, ambazo ndizo hasa tunazozihitaji hapa. Kama una pesa ya droni moja tu na kazi yako ni ndoa, nyumba na matangazo, chukua hii.

Ya pili ni DJI Air 3S, ya Oktoba 2024, iliyotoka kwa dola 1,099 kwa bei ya Marekani, gramu 724. Upepo wa mwezi wa nane unaotikisa Mini, hii inausimamia, na ina lenzi ya pili ya milimita 70. Lenzi hiyo ni tamu sana: ukizunguka jengo ukiwa mbali, nyuma yake inasogea kwa namna inayofanya kiwanja cha kawaida kionekane sinema. Lakini kumbuka inaona digrii 29 hivi tu, kwa hiyo kasi ya kugeuka ishuke mpaka digrii 4 kwa sekunde. Kwa nini si ya kwanza? Bei, na ndoani sauti yake inasikika wakati padri anaongea.

Ya tatu ni DJI Mini 4K, iliyotoka kwa dola 299 kule Marekani. Gimbali ni ya mihimili mitatu kamili, na tundu lake ni f/2.8, kwa hiyo ND64 inatosha hata mchana. Haina Waypoint. Utageuza kwa mkono: shika kijiti kwa kidole gumba na cha shahada pamoja, anza kugeuka kabla ya sehemu unayoitaka, endelea hata baada yake, kisha kata mwanzo na mwisho wakati wa kuhariri. Fundi mvumilivu anatoa nayo kazi nzuri.

Za chini ya hapo sina mengi. Potensic Atom yenye gimbali ya mihimili mitatu inavumilika. Atom SE inatuliza picha kwa programu tu, na DJI Neo ina gimbali ya mhimili mmoja. Programu ikituliza picha haijui kama umegeuka kwa makusudi au umetikisika, kwa hiyo inang'ang'ania picha halafu inaiachia. Zile za kukunja za dola hamsini zilizoandikwa 4K kwenye boksi ni za watoto.

Kinachoniuma ni bei zetu. Mzigo unapita mpakani Kasumbalesa, unalipiwa huku na kule, nakubali. Lakini Mini ikiuzwa zaidi ya mara mbili ya bei yake, boksi limeshafunguliwa, kifuniko cha gimbali hakipo, na muuzaji anakwambia filta ni "mapambo", huo si ushuru, ni kumdharau mteja. Wengine hawakubali hata kuiwasha kabla hujalipa. Kama ni ya mtumba, mwenyewe aiondoe kwenye akaunti yake ya DJI mbele ya macho yako, na betri uzipapase: iliyovimba usiiguse tena. Kisha omba ipaishwe kidogo uani, kamera ikitazama fremu ya mlango au nguzo. Igeuze polepole, achia kijiti, halafu cheza video kwenye simu yako mwenyewe, si kwenye skrini yao. Nguzo ikirudi nyuma mwishoni, rudisha boksi mezani. Na kabla ya kupaisha mjini ulizia kibali cha AAC, mamlaka ya usafiri wa anga, usisogelee uwanja wa ndege wa Luano, kambi za jeshi wala migodi, maana wakiichukua hapo hata risiti haitakusaidia.