Iringa ya Boma, Mbeya ya Dhahabu

Iringa na Mbeya zote zilikua chini ya wakoloni, lakini hazikuzaliwa kwa sababu moja. Iringa ilitokana na vita: baada ya kuiteka Kalenga, makao makuu ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mwaka 1894, Wajerumani walijenga boma mwaka 1896 juu ya uwanda unaotazama bonde la Ruaha Mdogo, huku Wahehe wakiendelea kupigana msituni hadi mwaka 1898, Mkwawa alipojiua asitekwe. Mji ule, tusisahau, ulijengwa ili kuwatawala watu waliokataa kutawaliwa.

Mbeya ni mdogo kwa umri. Ulianzishwa na Waingereza mwaka 1927, chini ya mlima Loleza, wakati dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilipokuwa ikivuta watafutaji. Hapo awali, utawala ulikuwa Tukuyu. Hata hivyo, naona wanaoitaja dhahabu peke yake wanaipuuza barabara, kwa kuwa machimbo yalipofifia miaka ya 1950, Chunya ilidorora, ilhali Mbeya, iliyokaa kwenye njia ya kuelekea Rhodesia Kaskazini (leo Zambia) na Nyasaland (leo Malawi), iliendelea kukua.