Principles of Macroeconomics cha OpenStax: kitabu cha bure kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Toleo la tatu la kitabu hiki cha uchumi mpana, yaani uchumi wa nchi nzima, lililotolewa mwaka 2022 na OpenStax, mradi wa vitabu vya bure wa Chuo Kikuu cha Rice nchini Marekani, hupatikana bila malipo, na mwanafunzi akishakipakua hubaki nacho kwenye simu hata bando likiisha. Kwa anayesubiri mkopo ambao haujaingia, huku nakala chache za maktaba zikigombewa na darasa zima, huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo ninakipendekeza kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba kinafundisha hatua kwa hatua bila kumfichia msomaji hesabu.

Sura ya 14, inayohusu fedha na benki, ndiyo bora kuliko zote. Mwandishi mwingine angetoa kanuni ya kizidishi cha fedha, yaani mara ngapi amana ya kwanza inaweza kuongezeka kupitia mikopo ya benki, na kuendelea. Hapa tunawekewa mizania (jedwali la mali na madeni) ya benki ya kubuni iitwayo Singleton, yenye amana za dola milioni 10. Ikitakiwa kubakiza asilimia 10, inakopesha milioni 9. Fedha hizo zinawekwa katika benki ya pili, ambayo nayo inakopesha milioni 8.1, na msomaji anaona kwa macho yake jinsi amana zinavyoongezeka kila mkopo unapotolewa, hadi zikaribie milioni 100. Sijaona maelezo yaliyo wazi zaidi kwa anayeanza somo hili.

Hata hivyo, karibu kila mfano ni wa Marekani, na hapo ndipo mwanafunzi wa Dodoma au Mombasa anapohitaji kuwa macho. Benki Kuu ya Marekani yenyewe ilishusha kiwango cha akiba ya lazima, yaani sehemu ya amana ambayo benki hutakiwa kubakiza, hadi sifuri mwezi Machi 2020, kwa hiyo ile asilimia 10 ichukuliwe kuwa zoezi la hesabu tu. Benki Kuu ya Tanzania ilipunguza kiwango chake kutoka asilimia 7 hadi 6 mwaka huohuo wa 2020. Ukigawa 1 kwa 0.06 unapata kizidishi cha karibu 16.7, na swali zuri la semina ni kwa nini katika hali halisi hakifikii hapo, ikizingatiwa kwamba watu wengi hushika fedha taslimu na benki hupenda kununua hati fungani za serikali. Vivyo hivyo, sura ya 15 kuhusu sera ya fedha isomwe sambamba na taarifa za Kamati ya Sera ya Fedha, kwa kuwa tangu Januari 2024 Tanzania inatumia Riba ya Benki Kuu, kiwango kinachoongoza riba za muda mfupi kati ya benki, iliyoanzia asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 mwezi Aprili mwaka huo na kushushwa hadi 5.75 Julai 2025.

Sura ya ukosefu wa ajira ndiyo inayotutoshea kwa shida zaidi. Kipimo chake kinamtaka mtu awe hana kazi kabisa na awe ameitafuta katika wiki nne zilizopita. Kwa kipimo hicho machinga anayeuza soksi tatu kutwa nzima ameajiriwa sawasawa na karani wa benki, na kiwango cha chini cha ukosefu wa ajira hakituelezi chochote kuhusu kipato chake. Mhadhiri asipolitaja jambo hili, mwanafunzi atamaliza muhula akiamini namba isiyofanana na mtaa anaoishi.

Sura ya mfumuko wa bei ni nzuri, ila kapu la bidhaa linalotumika kupima bei humo ni la mlaji wa Marekani. Nchini Kenya chakula na vinywaji visivyo na kilevi huchukua karibu theluthi ya kapu, na ndiyo maana mvua zikikosekana kupanda kwa faharasa ya bei (kipimo cha bei za kapu hilo) husikika haraka jikoni.

Kiingereza chake ni chepesi, na maswali ya kujipima yana majibu mwishoni mwa kitabu. Anayebanwa na muda aanze na sura ya 6 hadi ya 9, kisha aende moja kwa moja kwenye ya 14.